Mjuzi Ashike Kikombe

Asubuhi nyumbani kwa Mama Pacha ni vita vya viatu. Pacha mmoja anatafuta kiatu cha kushoto, mwenzake anatafuta cha kulia, na baba yao anatafuta amani. Anayemaliza vita hivyo ni Breki.

Breki ni dada wa baba wa pacha hao, kwa hiyo ni wifi yake Mama Pacha. Kazi yake ni kufundisha watu kuendesha gari. Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, maana ndilo neno analolisema kutwa nzima. Anaishi hapo kwa kaka yake, lakini si kwa muda mrefu tena. Ana mchumba, na siku ya harusi imeshapangwa.

"Imepangwa mara ya pili," Breki humjibu anayemuuliza. "Ile ya kwanza ililiwa na kompyuta."

Wala hakutania. Mchumba wake anafanya kazi kampuni moja na Mama Pacha. Kampuni hiyo inatengeneza programu, yaani maelekezo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Programu yao kubwa inapanga zamu za wagonjwa kwenye zahanati. Mgonjwa akifika, kompyuta inaonyesha atamwona daktari yupi na saa ngapi. Programu ikisimama, wagonjwa wanarundikana mlangoni, wauguzi wanachanganyikiwa, na simu za kampuni hazipumziki.

Aliyejua kuiwasha tena alikuwa mtu mmoja tu, naye ni huyo mchumba. Ofisini wanamwita Kamusi, kwa sababu ukikwama jambo lolote unamfungua yeye. Ni kijana mpole, mcheshi, hana makuu. Lakini siku ya harusi ya kwanza, wageni wakiwa wameshaalikwa, programu ilisimama. Kamusi akaitwa ofisini, na siku ikapita akiwa bado huko.

Safari hii Breki alimwambia wifi yake bila kupindisha maneno.

"Yule mtu nampenda, wifi. Lakini simu ikimwita siku ya harusi akaondoka, abaki huko huko. Mimi siolewi na mume wa kuazimwa."

Mkurugenzi wa kampuni naye alikuwa na lake. "Likizo ya harusi nitampa," alisema, "siku nitakapoona mtu mwingine anaiwasha programu bila yeye. Mgonjwa hawezi kuambiwa asubiri keki ikatwe."

Mama Pacha ndiye anayesimamia mambo ya wafanyakazi pale kampuni. Akajifunga kibwebwe. Akaanzisha mafunzo ya kila wiki, Ijumaa alasiri, Kamusi afundishe na wenzake wajifunze. Alipanga ule ukumbi mdogo mwenyewe: viti, projekta, maji ya kunywa, hata biskuti.

Biskuti zilikwisha. Mafunzo hayakuingia.

Ijumaa alasiri nani asiyeijua? Akili ya mtu imeshatangulia nyumbani, mwili umebaki kutazama saa. Isitoshe, Ijumaa ndiyo siku ambayo kampuni ilipeleka marekebisho ya wiki kwenye zahanati zote. Kila mtu aliingia ukumbini na kompyuta yake ya mkononi, akawa anajibu ujumbe wa wateja chini kwa chini. Huko mbele, Kamusi alibonyeza huku anasema, akasema huku anabonyeza. Maandishi yalipita ukutani mbio kama mtu aliyechelewa kazini.

"Mmeelewa?" aliuliza.

"Tumeelewa," walijibu wote, sauti tamu kama kwaya.

Hata Kimya alitikisa kichwa. Kimya ni binti mgeni kazini, na jina lake linajieleza. Tangu aajiriwe, hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza swali.

Jumatatu asubuhi programu ikasimama. Wafanyakazi wakatazamana.

"Si ulisema umeelewa?" huyu akamuuliza yule.

"Nilisema kwa sababu wewe ulisema."

Akapigiwa simu Kamusi. Alikuwa kwa fundi cherehani, anajaribu suti ya harusi. Akaja mbio na koti lenye mkono mmoja, pini zimemzunguka shingoni. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, programu ikawaka. Ofisi nzima ilicheka. Mama Pacha alicheka pia, lakini moyo ulimuuma. Harusi ilikuwa inakaribia, na koti lilikuwa bado na mkono mmoja.

Jioni hiyo, Mama Pacha na Breki walikuwa wanaosha vyombo.

"Wifi, nimeshindwa," Mama Pacha alisema. "Natwanga maji kwenye kinu. Kila wiki wanafundishwa, kila wiki hawajui."

"Anayebonyeza ni nani?" Breki aliuliza.

"Wapi?"

"Hapo darasani kwenu. Vidole vya nani viko kwenye kompyuta?"

"Vya Kamusi. Si ndiye mwalimu?"

Breki aliweka sahani chini. Alicheka mpaka povu la sabuni likamrukia puani.

"Wifi yangu, mimi ningefundisha gari namna hiyo, mji mzima ungekuwa mtaroni. Mwanafunzi akae pembeni anitazame ninavyokata kona, halafu nimuulize kama ameelewa? Atasema ndiyo. Nani anataka kuonekana mjinga? Mimi simuulizi mtu kama ameelewa. Nampa usukani, namwambia twende. Gari lenyewe litasema."

"Na akigonga?"

"Ndiyo maana tunaanzia uwanjani, kusiko na watu. Agonge debe tupu. Nyinyi uwanja mnao?"

Mama Pacha alisimama na kijiko mkononi, anafikiri. "Wanaweza kutengeneza nakala ya programu. Iwe na wagonjwa wa uongo. Hata ikiharibika, haimdhuru mtu."

"Huo ndio uwanja wenu. Na kwa siku moja mnafundisha nini?"

"Kila kitu."

"Kila kitu," Breki alirudia, huku anasugua sufuria kwa huruma. "Mimi siku ya kwanza nafundisha kuwasha gari na kuzima. Basi. Haba na haba, wifi. Halafu simfundishi mtu saa ambayo barabara imejaa na kila dereva anapiga honi. Hiyo Ijumaa yenu ina honi nyingi mno."

"Sawa. Lakini Kamusi je? Hawezi kumwona mtu anakosea akatulia. Mkono utamwasha."

"Namjua. Alikuwa mwanafunzi wangu kabla hajawa mchumba wangu. Huyo niachie mimi."

Kesho yake Mama Pacha aliingia kwa mkurugenzi. Akaomba mafunzo yahamie Jumatano asubuhi, kabla kazi haijachanganya. Akaomba pia kila mtu aache kompyuta yake mezani kwake.

"Jumatano asubuhi watu wanafanya kazi, mama," alisema mkurugenzi.

"Na jana Jumatatu asubuhi, bosi, walikuwa wanafanya nini?"

Mkurugenzi alikuna kidevu. Akakumbuka lile koti la mkono mmoja. Akakubali, na akakubali pia Breki aje kuwaonyesha namna ya kuanza.

Jumatano ilipofika, Breki aliingia ukumbini amebeba kikombe kikubwa cha chai, kimejaa mpaka mdomoni.

"Leo kuna sheria moja," alisema. "Anayejua hagusi kompyuta. Mjuzi ashike kikombe."

Akampa Kamusi kile kikombe, ashike kwa mikono miwili.

"Lakini mpenzi, ni cha moto," Kamusi alisema.

"Mpenzi umemwacha nyumbani. Hapa niite mwalimu."

Watu wakaangua kicheko. Kamusi naye akacheka, lakini hakukata tamaa. "Mimi ningewasha mwenyewe, tungemaliza mapema."

"Siku ya kwanza gari langu lilikuzimikia mara ngapi?"

Kamusi aliitazama chai yake. "Nyingi."

"Nilikunyang'anya usukani?"

"Hukuninyang'anya."

"Na leo unaendesha, huendeshi?"

"Naendesha."

"Basi kunywa chai."

Aliyeitwa mbele ni Kimya. Somo la siku lilikuwa moja: kuiwasha programu iliyosimama, kwenye nakala waliyoitengeneza kwa mazoezi. Kimya aliketi. Akabonyeza. Wagonjwa wote wa uongo wakafutika kwenye ukuta, hakubaki hata mmoja. Kamusi alishtuka, chai ikamwagikia suruali.

"Kuna aliyekufa?" Breki aliuliza.

"Hakuna," alijibu Kimya, sauti ndogo.

"Basi rudisha tuanze tena."

Kamusi alimwelekeza kwa mdomo tu, maana mikono ilikuwa kazini. Hatua moja, anasubiri. Hatua nyingine, anasubiri. Ilimtesa kuliko ile chai. Wagonjwa wakarudi. Kimya akashusha pumzi, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliuliza.

"Samahani. Kwa nini kabla ya kuwasha tunazima hii sehemu ndogo kwanza, halafu ndiyo kubwa? Najiuliza tangu nilipoanza kazi."

"Afadhali umeuliza, mwanangu," alisema mzee mmoja wa ofisi, fundi wa mitandao. "Na mimi sijui, na mvi hizi."

Wote wakamgeukia Kamusi.

"Mimi nimezoea tu," alisema.

Kicheko cha siku hiyo kilisikika mpaka mapokezi. Aliyecheka zaidi ni Kamusi mwenyewe. Wakaamua kujaribu kinyume, hapo hapo kwenye nakala ya mazoezi. Walipozima sehemu kubwa kwanza, majina ya wagonjwa yaliyokuwa yanasubiri yakapotea. Kumbe ile ndogo ndiyo inayoyapokea majina na kuyapeleka kwenye kubwa; kubwa ikizimwa kwanza, hayana pa kufikia. Wakaona kwa macho yao, na hakuna aliyelazimika kukariri. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Pale ukumbini, swali la mtu mmoja liliwatoa gizani watu wote, mwalimu akiwemo.

Kuanzia hapo kila Jumatano ikawa na somo moja dogo. Aliyejifunza wiki hii, wiki inayofuata anamfundisha mwenzake, na yeye ndiye anayeshika kikombe. Kimya alimfundisha yule mzee wa mitandao. Alishika kikombe vizuri, lakini sauti ilimpanda kila mzee alipokosea, mpaka mzee akasema binti huyu atafutiwe jina jingine. Watu waliokuwa wanatoroka mafunzo sasa walikuwa wanagombea kiti cha mbele. Na Kamusi, taratibu, alianza kuifurahia chai yake.

Jumatano moja mkurugenzi alimwita Kamusi nje, wakatembee kidogo uani. Hakusema kwamba ameizima nakala ya mazoezi kwa siri. Waliporudi, programu inawaka, na Kimya anawaeleza wenzake ilikuwa imesimama kwa nini. Mkurugenzi alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho.

"Kijana," alimwambia Kamusi, "nenda kaoe."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Kamusi alivaa suti yenye mikono yote miwili. Breki alipendeza mpaka pacha walisahau kugombana. Simu ya Kamusi ilikuwa ndani ya mkoba wa Mama Pacha, kwa amri ya bibi harusi. Zahanati zinafanya kazi Jumamosi, kwa hiyo Kimya na mzee wa mitandao walikuwa wamebaki zamu ofisini.

Keki ilikuwa inakatwa simu ya Kamusi ilipolia mkobani.

Breki aliisikia. Kisu kilisimama kwenye keki. Alimtazama mumewe, na mumewe ameshainuka nusu kwenye kiti. Mama Pacha alipokea na kujitambulisha.

"Mama Pacha, usishtuke," ilikuwa sauti ya Kimya. "Programu ilisimama asubuhi."

"Ilisimama?"

"Ilisimama, tukaiwasha. Zahanati zinaendelea vizuri. Wala sikupiga kwa hilo."

"Umepigia nini basi, mwanangu?"

"Tunauliza kama keki itabaki. Tunakuja tukimaliza zamu."

Mama Pacha alicheka huku machozi yanamtoka.

"Shemeji, kuna nini?" Kamusi aliuliza. "Niende?"

Mama Pacha aliinua kikombe cha chai kilichokuwa mezani, akamwekea Kamusi mikononi.

"Ilisimama, wameiwasha wenyewe. Shika kikombe."

Kamusi aliketi polepole. Alikishika kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa.

"Hawakunihitaji," alimwambia mkewe, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Mimi nakuhitaji," alisema Breki. "Weka kikombe chini, tucheze."