Jina la Sabine kwenye Forodha

Walikutana sokoni Area 25, Lilongwe, Jumamosi ya msongamano. Valentin, mwinjilisti kutoka Fizi, alimkanyaga Sabine, fundi cherehani wa Bukavu aliyevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Ndala ikakatika. Akaomba radhi, akamtania njia nzima mpaka Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, na baada ya miezi minane kambi nzima ilijua ni wachumba.

Sabine alikuwa akisomea ukunga. Valentin akataka kumfurahisha bila kumwambia: akamwomba kaka yake aliyeko Ubelgiji atume kitabu kikubwa cha uzazi, chenye picha. Mzigo ukaandikwa jina la Sabine, kwa sanduku la posta la kanisa, kama tunavyofanya sote kambini, maana nani kati yetu ana sanduku lake?

Forodha ya Lilongwe wakafungua, wakaona wanawake uchi, wakakamata. Barua ikaja kanisani: kitabu kinadhaniwa ni cha aibu, mwenyewe ana mwezi mmoja kujieleza, la sivyo kitachomwa. Mchungaji akaisoma mbele ya wazee. Sabine akaitwa, akaapa hajui lolote, na kweli hakujua. Wakamtoa kwenye kwaya, na wateja wakaanza kurudisha vitambaa vyao nyumbani.

Na Valentin? Alikuwa kwenye kikao kilekile, anaandika kumbukumbu. Zilibaki wiki tatu awekewe mikono kuwa mchungaji msaidizi. Akainamia daftari, akaendelea kuandika. Mi namwita mwoga, na sirudi nyuma.

Jioni akampigia simu, akamweleza yote. Sabine alilia, halafu akacheka kidogo, maana alimpenda.

"Sheri wangu, utasema lini?"

"Siku ya Mungu. Mbele ya bantu yote ba kanisa."

Jumapili tatu zikapita, siku za Mungu tatu, kila moja na sababu yake. Sabine akachoka kunyooshewa vidole, akahamia kwa shangazi yake, mtaa wa Biwi, mjini.

Valentin akawekewa mikono. Kesho yake alikwenda forodha na barua ya mkunga wa kliniki ya kambi iliyosema ni kitabu cha masomo, akaandika kwamba yeye ndiye aliyekiagiza, akabishana mpaka wakakiachia. Akakimbilia Biwi na suti yake mpya, furaha imemjaa.

Sabine alikuwa amekonda. Alikipokea kitabu, akafungua ukurasa mmoja, akakifunga.

"Kwa forodha ulisema ni cha nani?"

"Changu. Nilisaini."

"Na kwa kanisa?"

Valentin akasema sasa ni mchungaji, watamsikiliza, ampe tu siku ya Mungu moja.

"Bantu ba forodha hawakujui, ukawajibu. Kule kanisani banatujua, bananiita malaya, na we uko unaandika." Sauti yake haikupanda. "Nilikupenda, Valentin. Nenda."

Kitabu alibaki nacho, maana mtihani ulikuwa karibu.

Siku ya Mungu iliyofuata Valentin alihubiri mara yake ya kwanza, kanisa limejaa mpaka nje. Kuhusu kitabu hakusema.