Waliopandia Kwenye Mikorosho

Alhamisi ile tulishinda kijiji cha Mute, kwa fundi Feliciano, tukitazama gari la shemeji yangu Cassamo likinyanyuliwa. Dada yangu Nazira alikaa kivulini akimenya machungwa. Mumewe, Cassamo, hakutulia. Kila fundi alipokaza nati, naye aliinama kuchungulia. Ilikuwa Toyota Surf iliyotoka Japani. Aliifuata mwenyewe bandari ya Nacala, na kioo cha nyuma kilikuwa bado na kibandiko cha maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Miaka ile mradi wa gesi ulipoingia kwetu kaskazini mwa Msumbiji, kila mtu Palma alitafuta usafiri, na njia zetu ni mchanga mtupu. Magari ya chini yalikwama. Cassamo alitaka lake lisikwame.

Feliciano alitoa springi za zamani zilizochoka, akafunga mpya, ndefu na nene. Akaweka shokapu nne, rimu pana na matairi yenye meno makubwa. Jeki ilipotolewa, gari lilisimama juu hata Nazira akalazimika kukunja khanga ndipo apande.

"Mestre, umelipatia miguu," Cassamo alimwambia fundi, akicheka.

"Pakia hata magunia kumi ya muhogo, mano, ndugu yangu. Hili halikai chini."

Tulirudi Quitunda, kijiji kipya tulichohamishiwa, kwa njia inayopita kando ya uzio wa mradi, pale kilipokuwa kijiji chetu kabla hatujahamishwa. Nyumba zilikwisha kubomolewa. Makaburi nayo yalikwisha kuhamishwa. Ilibaki mikorosho michache tu, pale palipokuwa makaburi.

Tulipofika kwenye mikorosho, nyuma ya gari ilishuka. Halikuwa shimo. Ilishuka taratibu, kushoto kwanza, kisha kulia, kama watu wanavyopanda. Injini ikaanza kuhema. Nilikuwa peke yangu kiti cha nyuma. Hata hivyo nilisogea dirishani kuacha nafasi, na sikujua kwa nini.

Kwenye nyumba za kwanza za Quitunda, gari likainuka. Kushoto. Kisha kulia.

Kesho yake likafanya vilevile, mara tatu. Cassamo akamrudia Feliciano kwa hasira. Fundi akapima kila springi kwa futi, akagonga, akasikiliza. Hakuona kosa. Akasema atapanda nyuma mwenyewe aone kinacholishusha.

Walifika Quitunda Jumamosi saa sita, jua la utosi. Feliciano alishuka. Mkono wake wote wa kushoto, kuanzia bega, ulikuwa umepakaa udongo mbichi.

"Mano," alinong'ona, "springi ni nzima. Wanapanda watu."

"Watu gani?"

"Mmoja kaniuliza kama nyumbani ni mbali. Mama mtu mzima. Anakohoa."

Cassamo aliketi chini kwenye mchanga, palepale.

Siku ya kuhamisha makaburi, kila familia ilitakiwa kuleta mtu wa kuonyesha walikolala watu wake, maana mengi hayakuwa na alama. Cassamo ni mtoto pekee wa mama yake, Bi Zubeida, aliyekufa kwa kifua. Siku hiyo alikuwa Nacala, bandarini, akilisubiri gari. Alimwambia Nazira kwamba binamu yake atasimama badala yake.

"Nani alionyesha kaburi la mama?" Nazira alimuuliza sasa.

Cassamo alitazama matairi yake mapya. "Hakuna. Sikumwambia mtu."

Jumapili, baada ya swala ya adhuhuri, Cassamo aliniomba nimsindikize. Alisimamisha gari kwenye mikorosho, akafungua milango yote minne.

"Mama, shikamoo. Nimekuja kukuchukua. Nisamehe."

Hapakuwa na upepo. Hapakuwa na ndege. Tulirudi ndani, mimi kiti cha nyuma, tukangoja.

Gari likashuka.

Likashuka tena. Halikuacha kushuka. Springi zikalia kama chuma kinachokunjwa. Matairi yakagusa bodi. Cassamo alipofunga milango, nilikuwa nimebanwa mlangoni, nikipumua kwa shida, na shavuni nilihisi ubaridi wa udongo wa chini.

"Mama ni mmoja," Cassamo alininong'oneza.

Sikumjibu. Niliogopa angejibu mwingine.

Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea, harufu ya mpira ikituingia puani, hadi kwenye makaburi mapya ya Quitunda. Cassamo akafungua milango. Tukasimama kando, tukasoma Fatiha. Gari likaanza kuinuka, kidogo kidogo, upande huu, upande ule. Nilihesabu hadi kumi na saba nikaacha. Liliendelea kuinuka baada ya hapo.

Liliposimama wima, Cassamo alilia kwa sauti, kama siku ya msiba. Mimi nilidhani yameisha. Tuliliacha gari wazi, tukaenda msikitini kwa miguu.

Baada ya alasiri tulirudi kulifunga. Ndipo tukaona nyayo. Nyayo za miguu mitupu, nyingi, zimeanzia milangoni mwa gari. Hakuna hata moja iliyoelekea makaburini. Zote zilielekea kwenye nyumba. Zilifuata njia, zikagawanyika, moja huku, mbili kule, kila moja ikaishia mlangoni kwa mtu.

Kizingiti cha nyumba ya Nazira ni cha saruji. Wajenzi walikimwaga, kikakauka kabla hatujahamia. Juu yake palikuwa na nyayo zimedidimia kama kwenye unga uliokandwa. Za mtu mzima. Na ubavuni mwake, za mtoto anayejifunza kutembea. Zote zimetazama ndani.

Bi Zubeida alizikwa peke yake. Hatujui alimshika mkono mtoto wa nani.

Cassamo aliziziba kwa saruji mpya mara mbili. Asubuhi zilikuwa wazi. Akaacha. Nami nikahamia Palma mjini kutafuta kazi. Mwaka uliofuata nilikwenda kuwajulia hali, nikainama kizingitini kabla ya kubisha hodi.

Nyayo za mtu mzima hazikuwa zimebadilika. Za mtoto zilikuwa zimekua.