Ukurasa Ambao Jumaine Hakuufungua

Nyinyi wa mtaa wetu wa Mabanga mlimjua mdogo wangu Aziza. Kila Jumamosi asubuhi mlipita mkamwona kwenye baraza ya Mama Valérie, msusi wetu, kaye magotini na kalamu mkononi. Kaye ni daftari la shule tu, lakini kwa wanawake wa baraza ile lilikuwa kitu kikubwa. Mimi Shukuru, dada yake, nilikuwa nikikaa pembeni. Sisemi sana. Naandika haya ili yasipotee.

Mama Valérie alikuwa na riwaya za mapenzi za Kifaransa, zile ndogo zinazouzwa sokoni zimerundikwa chini, nyingi hazina jalada. Ndani ya wiki alisoma sura moja, na Jumamosi akaisimulia kwa Kiswahili huku vidole vyake vinasuka. Sisi tulioketi tuliandika. Majina ya kizungu yalitushinda ulimi, kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu: kila anayeandika anaweka jina lake mwenyewe mahali pa jina la mwanamke wa kitabu. Paris inakuwa Goma, mji wetu, na tajiri wa kitabu anapewa nyumba Himbi, karibu na ziwa. Mama wa watoto saba aliyetoka kupanga foleni ya maji aliandika jinsi alivyofunguliwa mlango wa gari jeusi, na tulicheka mpaka Mama Valérie akapoteza mstari wa nywele.

Kuna wanaosema tulikuwa tunaota utajiri. Si kweli. Gari jeusi tulilisahau kabla ya kufika nyumbani. Tulichorudi nacho ni kingine. Katika riwaya zile mwanamke anaulizwa anataka nini, na anayeuliza anangoja jibu. Watu wawili wanakosana, wanaachana, wanaumia, lakini msomaji anajua kwamba watarudiana, na kwa sababu anajua, analia bila hofu. Wewe unayesoma, fikiria mji wetu, wenye vita na volkano. Nani anaweza kukuahidi utalala wapi mwezi ujao? Hadithi inayokuahidi mwisho mwema na kutimiza ahadi yake si kitu cha kuchekwa.

Jumaine, mume wa Aziza, ni dereva wa lori. Mwaka ule barabara ilifungwa akakwama Butembo miezi miwili. Siku aliporudi, Aziza alikuwa ametoka kununua makala, yaani makaa, ya kumpikia. Jumaine akitafuta taulo alikuta kaye chini ya nguo. Akaifungua katikati. Akasoma, kwa mwandiko wa mke wake, kwamba Aziza ameteremka mbele ya nyumba ya Himbi, na mwanaume mwenye sauti ya taratibu amemshika mkono.

Hakumuuliza. Hapo ndipo maovu yalipoanzia, nami naomba mpaone: hakumuuliza. Aziza aliporudi na gunia la makala kichwani, alimkuta mumewe amekaa, kaye ndani ya koti. Kesho yake akaita kikao cha familia, kwetu na kwao, nyumbani kwa mama yake, Mama Fatouma. Mama Valérie naye alikuja, kwa sababu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Binti yao Jamila, wa miaka minne, alilala mgongoni kwangu. Sote tulijua kinachoamuliwa pale: kama mtoto yule ataendelea kuwa na baba na mama chini ya bati moja.

Jumaine alisimama, akasema ana ushahidi. Akaanza kusoma kwa sauti kama karani wa mahakama.

"Aziza alitazama maji ya ziwa, akamwambia, Miaka yote nilingoja mutu mumoja aniulize..."

Akasita avute pumzi. Na kutoka kwenye mkeka, Mama Valérie akamalizia bila kunyanyua macho:

"...kama nimechoka. Na wewe ndiye wa kwanza."

Jumaine akaruka mistari, akasoma kwingine. Safari hii aliyemalizia alikuwa shangazi yetu. Mara ya tatu, wallahi, alikuwa Mama Fatouma mwenyewe, na wazee wanaume wakageuka kumtazama. Akajifunika mdomo kwa kitenge, akasema naye ana kaye yake, na humo anayepelekwa Himbi anaitwa Fatouma. Mzee mmoja akamuuliza kama huyo tajiri anajua kwamba ana magonjwa ya magoti. Watu wakacheka. Hata Aziza alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni, akamtazama mume wake akitumaini naye atacheka.

Mama Valérie akasema, "Papa Jamila, fungua ukurasa unaofuata. Huyo mwanaume naye alimuzania bibi yake vibaya. Kwa ukurasa unaofuata anaomba musamaha."

Ilikuwa njia nyepesi kabisa. Maneno yalikuwa yameandikwa tayari. Alichotakiwa ni kuyasoma tu. Lakini Jumaine alisikia kicheko, hakusikia mlango uliofunguliwa. Akaifunga kaye. Akasema sasa ameelewa kwamba wanawake wote wameharibiwa na upuuzi huu, na kwamba Aziza aende kwa dada yake mpaka atakapomwita.

Aziza alikuja kwangu na Jamila. Hakupewa talaka, hakuitwa. Miezi saba. Kila Jumamosi alikwenda barazani, akaandika. Birindwa, dereva mwenzake Jumaine, aliniambia kwamba Jumaine alijua amekosea tangu siku ile ile. Aliogopa kuchekwa na wenzake wa garage. Alikuwa akisema, "Nitaanzia wapi?" Nilimpelekea Aziza habari hizo. Akasema, "Aanzie popote, dada. Mimi nitamalizia."

Mwezi wa nane Aziza alishikwa na tifoide. Aliugua siku kumi na moja.

Jumaine alikuja siku ya pili ya matanga ya Aziza. Alipiga magoti mbele ya watu wote, wenzake wa garage wakiwepo, akasema, "Nilikosa. Munisamehe." Alisema vizuri, kwa sauti ya taratibu. Watu walilia. Halafu akaniomba zile kaye. Alitaka zichomwe, ili mambo haya yaishe.

Mimi ambaye sisemi sana nilisema. "Hapana, shemeji. Kaye hazikukosa kitu. Wewe ulisoma nusu ukahukumu, ukaambiwa usome nusu nyingine ukakataa. Aziza aliyasubiri maneno yako miezi saba. Sasa unayasema kwangu, na mimi si mwenyewe. Hazichomwi. Jamila akijua kusoma, atazisoma zote, na wewe ukitaka kukaa karibu yake siku hiyo, kaa."

Jumaine alibaki amepiga magoti mpaka mama yake alipomshika mkono.

Fundisho

Wanaume wa Mabanga, na nyinyi mnaohubiri kwamba riwaya za mapenzi zinaharibu nyumba, nisikieni. Mwanamke akifurahi na kitabu, usimwonee wivu mtu wa karatasi. Soma uone huyo mtu anafanya nini: anauliza, anasikiliza, anakiri kosa mapema, anarudi wakati bado kuna wa kumrudia. Hakuna hata kimoja kinachohitaji nyumba ya Himbi. Tunazipenda hadithi hizo kwa sababu ndani yake neno la msamaha linafika kwa mwenyewe akiwa hai. Mtu akikosa, aseme siku hiyo hiyo, hata kama watu wanacheka. Kicheko cha watu kinaisha jioni.

Na sisi wanawake tusione haya. Jumamosi tutakuwa barazani, na kaye zetu mchana kweupe, magotini, si chini ya nguo. Atakayetaka kujua tunaandika nini, aje aulize.