Mukwe Aliyezuia Camion ya Polisi

"Toka mbele ya camion, Mukuka! Bantu banakuya na moto!" dereva akapiga kelele.

Alikataa... Alisimama katikati ya barabara, mikono wazi, kifua mbele. Na mu ile camion, lori ya polisi, mulikuwa bibi yake Ngalula na mutoto yao ku mugongo!

Bandugu, huyo ni babu yangu. Ku familia banasemaka alifungwa juu ya politiki. Politiki gani? Kyee! Mwanaume bure kabisa.

Ilikuwa wakati wa sécession, Katanga ilipojitenga na Congo. Bantu ya Kasai banafukuzwa, nyumba zao zinachomwa. Ngalula alikuwa Mukasai. Mukuka, muoga ile, alimufukuza ku nyumba, ili majirani basimuite rafiki ya Bakasai.

Polisi balitumwa kubapeleka Bakasai ya quartier, mtaa yetu, ku camp ya ONU, Umoja wa Mataifa, salama. Jeep mbele, camion nyuma. Kumbe Mukuka alikuwa anabavizia ku barabara! Jeep ilipopita, akajitupa katikati.

"Mushuke bote! Nitabaonyesha bantu mimi ni mwana Katanga!"

Brigadier Faustin, mukubwa ya bale polisi, akashuka mu jeep.

"Mwenye kuzuia polisi wakati banalinda bantu, ni gereza. Toka."

"Gereza? Mimi? Unanijua?"

Kelele za kundi ya bachomaji nyumba zilikuwa zinakaribia. Ngalula akalia, "Baba mutoto, tutakufa!"

Yeye anacheka tu... Angalieni ile roho!

Hapo mama ya Ngalula, mwenye alikuwa mule pia, akashuka mu camion. Akaanza kumufuata Mukuka, uso kwa uso.

Mama yangu! Kwetu mukwe haangaliani na mama-mukwe. Ni haya kubwa, ni mwiko. Shujaa wetu akaziba macho, akageuka, akakimbia kama kuku... akaingia yeye mwenyewe mu jeep ya polisi, akafunika kichwa na koti!

"Asante sana," Faustin akasema. "Twende."

Balifika ku camp bote, bazima.

Ku tribunal, mahakamani, bakamukatia miaka mbili, juu ya kuzuia polisi ku kazi ya kulinda bantu. Akaanza kulia.

"Monsieur le juge, lakini mimi nilimuheshimu mama-mukwe! Hata sikumuangalia!"

Ngalula akasimama na mutoto yake.

"Sura ya mama yangu uliogopa kuiona. Na maiti yake, haukuogopa?"

Akafunika tena kichwa na koti.

Bandugu, heshima yenye inaacha muntu achomwe, si heshima. Muntu ya vile, mumuache ku gereza.