Karatasi za Karanga

Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, soko la kati la Kisangani lilijaa wanawake waliovaa kitenge kimoja cha sherehe ya Siku ya Wanawake. Orpha, mjane aliyekuwa akijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, alisimama mbele ya meza ya vitabu vikuukuu.

"Mama, unatafuta nini?" aliuliza Ruphin, mwenye meza, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi.

"Kitabu ya mwanamuke. Lakini si ya mapishi."

Ruphin alicheka, akachomoa kijitabu chembamba. "Bon, hii. Wanawake wanaendesha mashua katikati ya nyota, wanaume wanabaki kutwanga majani ya muhogo na kupika pondu. Aliyeandika iko mwalimu kule Basoko. Hapa hakuna mutu anamujua."

"Weye unajua kupika pondu?"

"Mi? Hata moto siwashi!"

Orpha alikinunua, na kila Jumamosi alirudi kumsomea Ruphin kurasa chache, akipigia mstari wa penseli kila neno jipya kama darasani. Kufikia Juni Ruphin alimwita cheri, yaani mpenzi. Orpha akamwachia kitabu ili naye Ruphin asome, ingawa sura ya mwisho walikuwa bado hawajaisoma.

Jumamosi iliyofuata meza ilikuwa tupu. Mama Nadège wa meza ya jirani alimfungia karanga. Orpha alipoifungua karatasi aliona mistari ya penseli, mistari yake mwenyewe. Uso ukamwaka moto.

Alimpigia Ruphin simu: imezimwa. Siku tisa, imezimwa. Siku ya kumi ikaita.

"Allô, cheri..."

"Usiniite cheri! Kusoma kwangu kulikuwa kichekesho? Kitabu yangu inafunga karanga!"

"Karanga gani? Natoka Basoko, niko bandarini. Ningoje sokoni!"

Ruphin alifika suruali imejaa tope. "Mvua ililowesha kitabu. Niliona haya kukuambia. Nikaanika karatasi nyuma ya meza, nikaenda kwa mwandishi kuomba ingine. Kule réseau haiko, simu haishiki."

"Pardon, mama!" alidakia Nadège. "Nilizani ni takataka!"

Orpha alipokea kitabu kipya kutoka mkononi mwa Ruphin. Akakifungua. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa mwalimu wa Basoko, uliandikwa: *Kwa Orpha, msomaji.*

Alilitazama neno la mwisho kwa muda mrefu. Akatoa penseli, akalipigia mstari.

"Orpha, nikuoe?" Ruphin aliuliza kwa sauti ndogo.

"Na pondu?"

"Nitajifunza."

"Alors kaa hapa. Tumalize sura kwanza, halafu twende kwa mama yangu."

Wewe msomaji uliyefika hapa, usifungie karanga kwa karatasi hii. Mpe mwanamke mwingine asome.