Kabeya na Mtu wa Zamu ya Asubuhi

Mwaka 1955, Kabeya alikuwa anafanya kazi Kolwezi, kwenye kiwanda cha kuvunja mawe ya shaba. Alikuwa na mke, Fidélie, na watoto watatu. Walikaa katika nyumba ya matofali ndani ya kambi ya wafanyakazi. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Mtu akifukuzwa kazi, alipewa siku chache tu za kufunga vyombo vyake na kutoka.

Kabeya alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko. Kabla ya kuingia kazini, alipenda kusimama langoni na kuzungumza na kila aliyepita. Lakini jioni, akirudi nyumbani, kicheko kilikuwa kimekwisha. Alinawa mikono, alikaa mbele ya ugali wa bukari na mboga ya sombe, na kabla ya tonge la kwanza alianza kumsema Tshimanga.

Tshimanga na Kabeya walitumia mashine moja. Tshimanga alifanya kazi asubuhi, Kabeya alimpokea mchana. Tshimanga alikuwa wa zamani pale kazini, na mashine ile aliijua vizuri sana. Shida ilikuwa tabia yake. Aliacha vumbi bila kufagia. Aliacha kopo la mafuta tupu. Kabeya akimuuliza kitu, alicheka kwa dharau na kwenda zake. Na kwa sababu baba yake Kabeya alikuwa mchoma makala, yaani makaa, kule kijijini Mutshatsha, Tshimanga alimwita "Makala" mbele ya watu. Kitu kikiharibika, yeye ndiye wa kwanza kukimbia kwa kapita, msimamizi wao, kusema kwamba Kabeya ameharibu.

Kabeya hakumjibu. Aliamua kutomsalimia tena na kutomuuliza kitu chochote. Maneno yake yote aliwapelekea watu wengine: majirani, rafiki zake wa kanisani, wanawake waliongoja zamu kwenye bomba la maji. Fidélie alichoka kabisa. Siku moja alimwambia mumewe kwamba yeye anapika chakula cha watu watano, lakini wanaokula ni sita, maana Tshimanga anakaa nao mezani kila jioni.

Kabeya hakuona cha kuchekesha.

Kwenye mashine ile kulikuwa na mkanda mrefu uliobeba mawe. Pembeni mwa mkanda kulikuwa na gurudumu kubwa, na gurudumu lilifunikwa na kifuniko cha chuma ili lisimkamate mtu. Asubuhi moja jiwe lilikwama. Tshimanga alitoa kifuniko, akalivuta jiwe, lakini kifuniko hakukirudisha. Saa ya kutoka ilipofika, aliondoka upesi bila kusema neno.

Kabeya aliingia akaona mgongo wake tu. Aligeuza uso. Akawasha mashine. Hakuizunguka kuitazama, kwa sababu upande ule ndio Tshimanga aliuacha mchafu kila siku, na kuutazama kulimtia hasira.

Mulumba, mtu mzima mwenye kazi ya kufagia chini ya mkanda, alipita na ufagio wake. Gurudumu likashika mkono wa shati lake na kumvuta. Kabeya alisikia kilio, akazima mashine, akakimbia. Shati lilikuwa limepasuka, na mkono wa Mulumba ulikuwa umevunjika. Kule hospitali walisema bahati yake ni kwamba shati lilikuwa limechakaa. Lingekuwa jipya, lisingepasuka, na mkono wote ungekwenda nalo.

Kesho yake kapita Mwamba aliwaita wote wawili. Tshimanga alisema kifuniko kilikuwa chini, mahali pa wazi. Je, Kabeya hana macho? Kabeya alisema aliyekitoa anajulikana. Je, hana kinywa? Waliendelea hivyo mpaka Mwamba akashika kichwa kwa mikono miwili. Aliwaambia kwamba mzungu mkubwa wa kiwanda alitaka kuwafukuza wote wawili, na yeye amewaombea. Jambo jingine likitokea, hataomba tena. Watatoka na familia zao.

Kabeya alirudi nyumbani na hasira. Alimwambia Fidélie kwamba atamngoja Tshimanga njiani na kumpiga mpaka ajue. Fidélie aliweka mwiko chini. Hakubishana naye. Alitoka kwenda kwa jirani yao, Mama Ernestine.

Ernestine alifundisha kushona kwenye nyumba ya mafunzo ya wanawake pale kambini. Wanawake walikuwa wengi, mashine za kushona zilikuwa chache, na ugomvi ulikuwa wa kila siku. Alikuja akakaa, hata kikombe cha maji alikataa.

"Kabeya," alisema, "tangu kiangazi ya mwaka jana niko nasikia hii jina ya Tshimanga. Mi najua makosa yake yote. Fidélie anajua. Bamama ba ku bomba ya maji banajua. Yeye mwenyewe, ulishaka mwambia?"

Kabeya alijibu kwamba Tshimanga anaona mwenyewe anachofanya.

"Sikuuliza kama anaona. Niliuliza kama ulimwambia."

Basi Ernestine akamweleza. Pale kwenye nyumba ya mafunzo kulikuwa na mwanamke mmoja, Valérie, fundi mzuri wa kushona, mwenye ulimi wa pilipili. Mwanzoni Ernestine alijaribu kumgeuza awe mtu mpole. Alipoteza mwaka mzima.

"Roho ya mutu haiko kazi yako," alisema. "Acha roho yake. Shika kile kintu kimoja chenye anafanya, chenye kinaharibisha kazi. Njo hicho utaongea naye."

Alimwambia amwone Tshimanga peke yake, kwa maana mtu akisemwa mbele ya wengine hutetea jina lake tu. Aseme jambo lililotokea, aseme limeleta nini, kisha aseme anaomba nini. Asimwambie yeye ni mtu wa namna gani. Asimhesabie makosa ya zamani. Akimaliza, anyamaze na kusikiliza kweli. Na kama Tshimanga atakataa, basi waende kwa kapita wote wawili, asimsemee nyuma ya mgongo.

Kabeya aliuliza itakuwaje kama Tshimanga atamcheka.

"Acha acheke. Kicheko haivunje mukono. Kifuniko ikikosa, inavunja."

Siku iliyofuata Kabeya alimkuta Tshimanga karibu na lango. Alianza vizuri na habari ya kifuniko. Lakini Tshimanga alipotabasamu tu, hasira ilimpanda. Akamwambia kwamba yeye ni mtu mbaya, kwamba kila siku anafanya hivi na hivi, akataja vumbi, mafuta, dharau, na mambo ya mwaka uliopita. Tshimanga alitema mate chini na kuondoka.

Jioni Kabeya alimwendea Ernestine na kumwambia kwamba mashauri yake hayafai. Ernestine alikuwa ametoka kazini sasa hivi, miguu inamuuma, na jiko lake halijawaka bado. Alimtaka arudie maneno aliyosema. Kabeya aliyarudia yote. Ernestine alianza kuwasha jiko.

"Mi nilikutuma na neno moja," alisema. "We ulibeba kitunga muzima. Rudia kesho."

Usiku ule Kabeya alitaka kuacha kila kitu. Alifikiri kurudi Mutshatsha. Fidélie alimwuliza tu watoto watasoma wapi kule, kisha akamgeuzia mgongo na kulala.

Kesho yake Kabeya hakusimama langoni. Alipita moja kwa moja, akafika kwenye mashine zamu ya asubuhi ikiwa bado haijaisha. Tshimanga alishangaa kumwona. Kabeya alimsalimia kwa heshima, akamwomba wasogee kidogo mbali na wengine.

"Tata Tshimanga," alisema, "ile siku kifuniko ilibakia chini, na mi sikujua. Niliwasha mashine, Mulumba akaumia. Naomba mbele ya kwenda, uniambie yenye imeharibika."

"Unataka kunifundisha kazi?"

"Hapana. We unajua hii mashine kunipita mimi. Njo sababu naomba."

Kabeya alinyamaza. Ilikuwa vigumu. Maneno mengine yalikuwa yamejaa kinywani. Tshimanga alifuta mikono yake kwa kitambaa, akaifuta tena, mpaka Kabeya alidhani hatajibu kabisa.

"We unafikaka saa gani?" Tshimanga aliuliza mwishowe. "Kamio yenye inatupeleka ku kambi haingoje mutu. We unasimama kule ku lango, unacheka na batu. Mi nikikungojea, kamio inaenda, narudia kwa miguu mu hii jua. Mara ngapi nimerudia kwa miguu? Uliuliza?"

Kabeya hakuwahi kujua jambo hilo. Kila siku aliona mgongo wa Tshimanga ukienda mbio, na alifikiri ni dharau. Kumbe mtu alikuwa anakimbilia kamio, lori la wafanyakazi. Dharau ilikuwepo pia, hilo alilijua vizuri. Lakini jambo la kamio lilikuwa kweli, na kosa lilikuwa lake. Alimwomba radhi.

Wakapatana. Kabeya atafika mapema. Mashine ikiwa imezimwa, wataizunguka pamoja, na Tshimanga atamwonyesha kila kilicholegea au kilichotolewa. Wote wawili watashika kifuniko kwa mkono kuona kama kimefungwa. Ndipo Tshimanga ataondoka, na kamio atalipata.

Mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Kisha Tshimanga akarudia. Siku moja walikuja wafanyakazi wapya. Tshimanga, apate kuwachekesha, akamwita "Makala" kwa sauti kubwa, akaondoka bila kuzunguka mashine. Kabeya hakumpigia kelele. Aliizunguka mashine peke yake kabla ya kuiwasha. Kesho yake alimwona pembeni na kumkumbusha mapatano yao. Tshimanga alisema yeye si mtoto wa kutumwatumwa.

"Basi tuende kwa kapita," Kabeya alisema. "Sitasema kintu nyuma yako. Utasikia yote."

Walikwenda. Kabeya alieleza jambo moja tu, la kuzunguka mashine. Alikiri pia jinsi alivyokuwa akichelewa. Tshimanga alikuja tayari kwa ugomvi, lakini hakupata wa kugombana naye. Kapita Mwamba alisikiliza mpaka mwisho. Akasema mpango huo ni mzuri, na tangu siku ile kila mashine itapokelewa hivyo, na kila mtu. Haikuwa tena amri ya Kabeya juu ya Tshimanga. Ilikuwa kazi ya wote.

Walipotoka, Kabeya alisema neno la pili, na lilikuwa la mwisho.

"Jina yangu ni Kabeya. Ukiniita ile ingine, sitaitika."

Akafanya hivyo. Tshimanga alipoita "Makala" katikati ya kelele za mashine, Kabeya aliendelea na kazi yake kama mtu asiyesikia. Ilimbidi Tshimanga kutembea hadi alipo Kabeya na kumgusa bega. Alitembea hivyo mara nyingi, akinung'unika. Mwisho alichoka, akaita "Kabeya."

Mvua zilipoanza, Mulumba alirudi kazini. Mkono ulikuwa umepona, ingawa haukunyooka vizuri. Siku ileile, walipokuwa wanazunguka mashine, Tshimanga aliona kwamba chuma kinachoshika gurudumu kimepasuka kidogo. Ungeweza kupita mara kumi usione. Alimwonyesha Kabeya kwa kidole. Walikataa kuwasha mashine mpaka mafundi wakaja kubadilisha chuma kile. Tshimanga alibaki mpaka mwisho, na kamio lilimwacha. Alilalamika muda wote: mafundi ni wavivu, mvua ni mbaya, na Kabeya anashika taa kama mtu aliyelala. Lakini alibaki. Mulumba alifagia chini ya mkanda mpaka jioni, akaenda nyumbani kwake mzima.

Fidélie aliposikia habari hiyo alifurahi. Alimwuliza mumewe kama sasa Tshimanga amekuwa mtu mzuri.

Kabeya alinawa mikono.

"Hapana," alisema. "Angali vile vile. Leo tu alinichokesha mpaka kichwa kiliniuma. Lakini sasa tunaongea."

Akavuta sahani ya bukari karibu, akaanza kula.