Fimbo Nyekundu ya Mlafi

Maiti ilikuwa imelala chali juu ya chenga za mbao, panga likiwa bado mkononi. Nyuma yake ilisimama mashine ya kusaga matawi, imezimwa, mdomo wazi. Wafanyakazi waliiita Mlafi.

Inspekta alikuwa amezoea visu, sumu na bunduki. Mbele ya mdomo ule alijikuta ameshusha sauti bila kuambiwa.

"Inameza hata gogo hili?" aliuliza, akigusa shina nene kama paja lake.

"Kufumba na kufumbua, afande," alijibu msimamizi wa yadi. "Ukipiga chafya, ukifumbua macho limeshakuwa chenga."

"Na marehemu?"

"Fundi mwendeshaji. Tulimwita Breki. Tawi limemrukia kichwani. Ni uzembe wake tu, Mungu amrehemu. Nami nitaripoti hivyo hivyo."

"Nani mzembe?"

Sauti ilitoka nyuma ya utepe wa polisi. Ilikuwa ya mke wa marehemu. Kando yake alisimama mdogo wake wa kiume, msaidizi wa Breki, kijana wa mikono myepesi ambaye yadi nzima ilimwita Chapchap. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwanamke alifungua kiganja. Ndani mlikuwa na pete.

"Kila asubuhi anaivua, ananiachia. Anasema Mlafi akishika kitu kinachoning'inia haachii. Hata mikono ya shati aliikata. Leo nimzike kwa jina la mzembe? Wanangu walisikie hilo mpaka wazeeke?"

Msimamizi akatazama viatu vyake.

"Kwa nini mlimwita Breki?" Inspekta alimuuliza msimamizi.

"Kwa ajili ya hiyo fimbo nyekundu inayozunguka mdomo, afande. Ukiisukuma, magurudumu yanayovuta matawi yanasimama. Kila siku, kabla ya tawi la kwanza, lazima aijaribu. Wenzake walimtania: 'Breki, hiyo mashine au gari la bibi harusi?' Hakujali. Isiposimama, hakuna kazi."

Daktari wa polisi aliinuka kutoka kwenye maiti. "Pigo moja la kichwa, ndilo lililomuua. Lakini tazama kiganja cha kushoto. Kimevilia damu. Alisukuma kitu kigumu kwa nguvu zake zote."

Inspekta aliikaribia fimbo. Pale inapoungana na mwili wa mashine, rangi ilikuwa imekwanguka na chuma kiling'aa kipya, mstari mwembamba, kama wa waya. Waya wenyewe haukuwepo.

Alichutama, akapekua chenga, akavuta kipande cha mmea utambaao, mgumu kama kamba. Upande mmoja ulikatwa kwa pigo moja safi. Upande wa pili ulijisokota kitanzi.

"Panga la marehemu limekata hapa," alimwambia koplo wake. "Lakini miguu ya marehemu haina hata mchubuko."

"Kwa hiyo, afande?"

"Kwa hiyo kitanzi kilimshika mtu mwingine."

Aligeuka. Chapchap alikuwa akielekea chumba cha kubadilishia nguo, akichechemea kidogo.

Walimkuta ameketi kwenye benchi, chini ya makoti ya kazi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyuma. Nazoa chenga."

"Nani aliizima mashine?"

"Mimi. Nilimkuta shemeji ameshaanguka."

"Hiyo koleo mfukoni ya nini?"

"Ya kazi tu, afande."

"Leo imekata waya gani?"

Chapchap akaufunika mfuko kwa kiganja.

"Pandisha suruali, kaka."

Hakusogea. Koplo akainama, akaipandisha. Kifundo cha mguu kilizungukwa na alama nyekundu, imechimba nyama.

"Dada yako anataka kujua mumewe amekufaje," Inspekta alisema taratibu.

Chapchap aliinua macho. Dada yake alikuwa mlangoni.

"Niliifunga fimbo kwa waya," alisema. "Matawi makubwa yanaigusa, mashine inasimama kila mara. Nilitaka tumalize mapema. Shemeji alipofika akaniuliza, 'Umejaribu breki?' Nikasema nimejaribu. Siku zote anajaribu mwenyewe, dada. Leo alinipiga begani, akasema, 'Haya, sasa umekuwa fundi.' Akaniamini."

"Endelea," alisema dada yake.

"Mmea uliojisokota kwenye tawi ukaninasa mguu. Navutwa, napiga kelele. Yeye akasukuma fimbo. Haikusogea. Akauona waya. Akanitazama."

"Angeweza kukimbia?" Inspekta aliuliza.

"Angeweza."

"Enhe?"

"Aliingia kati yangu na mdomo wa mashine, akakata. Mimi nikaangukia pembeni. Tawi lililokuwa likivutwa likageuka, likampiga. Nikazima mashine. Halafu nikautoa waya, nikauficha. Jela siiogopi, dada. Niliuogopa uso wako."

Inspekta alirudi kwenye mashine, maiti ikiwa imeshaondolewa. Aliagiza chenga za chini ziachwe kama zilivyo, kisha fundi mwingine wa yadi akaiwasha mashine. Nchi ikatetemeka chini ya viatu, meno yakavuma ndani ya giza la mdomo. Akasukuma fimbo nyekundu kwa kidole tu. Magurudumu yakasimama papo hapo.

Alitazama mahali panga lilipofyekea. Kati ya fimbo na mdomo palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, tena amesimama kiubavu. Mwanaume aliyevua pete kwa kumhofu Mlafi alikuwa ameingia hapo kwa miguu yake mwenyewe, akijua kila kitu. Inspekta akarudi nyuma hatua moja.

Msimamizi alikuwa amevua kofia. "Ripoti yangu nitaibadilisha, afande," alinong'ona.

Chapchap alipitishwa na pingu mikononi. Mbele ya dada yake akasimama.

Mwanamke hakumpiga wala hakumkumbatia. Aliivaa ile pete kwenye kidole gumba, maana kwingine ilimpwaya.

"Wanangu utawasimulia wewe," alisema. "Jinsi baba yao alivyogeuka kukutazama, na akaingia. Usiruke hata neno."